Maiti Mwanzoni, Ardhi Pembeni: Siasa ya Tamthilia ya Uhalifu ya Televisheni Ikisomwa Kutoka Junju

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapolazimika kuizungumzia tamthilia ya uhalifu ya televisheni, huwa na njia mbili za kulikwepa jambo lenyewe. Ya kwanza ni kongwe: huitia tamthilia hiyo katika kapu la fasihi pendwa, pamoja na vijitabu vya mapenzi na vya majasusi vilivyouzwa kwenye vituo vya mabasi, kisha hulifunika kapu. Ya pili ni mpya zaidi na ina adabu zaidi, ingawa manufaa yake hayazidi sana yale ya kwanza: huiorodheshea tamthilia dhamira zake. Rushwa imo, ubakaji umo, ukatili wa polisi umo, ukabila, ulevi na tamaa ya vijana vimo. Orodha ikishatimia, hutangazwa kwamba tamthilia ni kioo cha jamii na kwamba msanii ameyakemea maovu. Semina hufungwa kwa makofi.

Makala haya yanazipinga njia zote mbili, na hasa hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayojivika vazi la uhakiki wa kijamii. Siasa ya tamthilia ya uhalifu haimo katika orodha ya maovu yanayotajwa na wahusika. Imo katika suala la kifani ambalo waandaaji wa orodha hawaliulizi: kisa kinaanzia wapi, na kinaishia wapi? Tamthilia ya kawaida ya aina hii huanza na maiti na kuishia na pingu au hukumu. Kila kilichotangulia maiti huwa usuli tu, na kila kinachofuata hukumu huwa kimya. Kwa mtazamaji wa Junju, katika Kilifi Kusini, anayeishi mahali ambapo jinai iliyo kubwa kuliko zote ilitendwa kwa karatasi na mhuri kabla ya mtu yeyote kushika panga, msuko huo ni msimamo wa kisiasa, hata kama mtunzi hakuukusudia.

Bwana Msa na nusu ya swali

Hakuna haja ya kwenda London kumtafuta mpelelezi wa Kiswahili. Mohamed Said Abdulla alimweka Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale, kazi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kutolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Ni kweli kwamba Bwana Msa ana kiko cha Sherlock Holmes mdomoni na sahibu wa kumstaajabia ubavuni, na wahakiki wamelirudia jambo hilo hadi limechujuka. Kilichosahauliwa ni kazi aliyopewa kuifanya. Mtu mwenye mali ameuawa penye mzimu, watu wameingiwa na hofu, na wako tayari kuamini kwamba wa kale wamemchukua wao wenyewe. Msa anakataa kuamini. Anataka kujua ni nani aliye hai anayenufaika na hofu hiyo, na kwa kuuliza hivyo mzimu unageuka pazia, na nyuma ya pazia anaonekana binadamu mwenye haja zake.

Swali hilo lina makali ambayo fasihi pendwa, kwa jinsi inavyodharauliwa, haitarajiwi kuwa nayo. Hata hivyo ni nusu ya swali. Msa anaufukuza mzimu lakini shamba analiacha lilivyo. Jinsi mashamba ya Unguja ya kabla ya 1964 yalivyomilikiwa, na nani alipalilia kwa faida ya nani, hubaki kuwa mandhari kama minazi ilivyo mandhari. Muuaji akishapatikana, ulimwengu hurudi mahali pake. Televisheni ya Kenya iliirithi fani hiyo, na katika mirathi ikachukua nusu iliyo dhaifu: ile ya kumkamata mtu mmoja. Nusu yenye makali, ile ya kuuliza nani anafaidi na hofu ya watu, iliachwa Unguja.

Vioja Mahakamani ni ushahidi wa kwanza, na unastahili heshima kuliko inavyopewa. Mchezo huo ulijulikana tangu miaka ya 1970, wakati kituo kikiitwa Sauti ya Kenya, na uliendelea chini ya jina la KBC baada ya 1989. Kina Makokha, Masaku na Ondiek Nyuka Kwota walifikishwa kizimbani mbele ya mamilioni ya watu kwa makosa ya watu wadogo: wizi wa kuku, pombe haramu, ugomvi wa jirani, utapeli wa senti chache. Kicheko kilitokana na lafudhi, na lafudhi zilikuwa za makabila, kana kwamba Kiswahili kibovu nacho kilikuwa sehemu ya shtaka. Hakimu hakushtakiwa kamwe. Katika miaka ambayo watu halisi walihukumiwa usiku katika mahakama za Nairobi kwa tuhuma za Mwakenya, televisheni ya serikali iliwaonyesha wananchi mahakama ya mchana, yenye utani, inayomwadhibu mlevi.

Pamoja na hayo, Vioja Mahakamani ilikuwa na jambo moja ambalo tamthilia zilizoifuata zimelipoteza: mshtakiwa alizungumza. Alipewa nafasi ndefu ya kujieleza, akazunguka, akadanganya, akamkejeli kiongozi wa mashtaka, na mara nyingi ushahidi wake ulikuwa na akili zaidi ya sheria iliyokuwa ikimwadhibu. Fani ya kortini, hata ilipodhibitiwa na serikali, ilihitaji sauti ya mshtakiwa. Fani ya upelelezi inahitaji kukiri kwake tu.

Mwaka 2021 Showmax, kwa ushirikiano na CANAL+ ya Ufaransa, ilitoa Crime and Justice, tamthilia ya askari kanzu wawili wa Nairobi, Makena (Sarah Hassan) na Silas (Alfred Munyua), ambamo kila kesi ilichotwa kutoka vichwa vya habari vya Kenya. Ilisifiwa, na kwa upande wa uigizaji na upigaji picha ilistahili. Ilisifiwa pia kwa ujasiri wa kuchagua mada, na hapo ndipo sifa zinapohitaji kupimwa. Kichwa cha habari si malighafi isiyoguswa. Mhariri ameshaamua kwamba jambo fulani ni tukio, jingine ni hali ya kawaida. Mwanafunzi akiuawa, hilo ni tukio. Familia 40 zikiambiwa kwamba ardhi waliyozikiwa babu zao ina mwenyewe anayeishi ng'ambo, hiyo ni hali ya kawaida, na haipati kichwa cha habari mpaka tingatinga liue mtu. Tamthilia inayochota visa vyake katika vichwa vya habari hurithi uamuzi huo wa mhariri pamoja na visa. Jina lenyewe la tamthilia linazitangaza hatua zake mbili, uhalifu kwanza na haki baadaye, na mtazamaji anaahidiwa kwamba kutoka ya kwanza hadi ya pili ni mwendo wa saa moja hivi.

Pengine itasemwa kwamba televisheni haiwezi kufanya vingine, kwa kuwa saa ni chache na mtazamaji anataka kisa kifungwe. The Wire ya David Simon, iliyoonyeshwa na HBO kati ya 2002 na 2008 kwa misimu 5, inatosha kuujibu udhuru huo. Ilianza na askari na wauza dawa za kulevya, ikahamia bandarini, kisha katika siasa za jiji, kisha shuleni, kisha katika chumba cha habari, na kila ilipohama ilipanua jibu la swali la nani mhalifu. Pingu zilifungwa mara nyingi, na hakuna lililobadilika, na kutobadilika huko ndiko kulikokuwa kisa chenyewe. Hoja hapa si kwamba Kenya iige Baltimore. Hoja ni kwamba fani hiyo inaweza kukunjuliwa, na anayeiacha imekunjwa amechagua kuiacha hivyo.

Junju na jinai ya karatasi

Junju iko upande wa bara wa barabara kuu ya Mombasa–Malindi, nyuma ya mashamba ya mkonge ya Vipingo. Watu wake wengi ni Wachonyi na Wagiriama, wakulima wa mahindi, mihogo na minazi. Katika kumbukumbu za sayansi ya dunia jina la Junju linajulikana kuliko la miji mingi ya Kenya, kwa sababu watafiti wa malaria wa Kilifi wamewafuatilia watoto wa huko kwa miaka mingi. Damu ya Junju imepimwa kwa makini ambayo ardhi yake haikupata kupimiwa. Katika tamthilia za televisheni Junju haipo. Pwani ikitokea hutokea kama ufuo, hoteli, mihadarati, ugaidi au uganga. Mpelelezi huja kutoka Nairobi, huvua koti kwa sababu ya joto, hupata jibu, huondoka.

Kisa ambacho mpelelezi huyo hakifungui ni hiki. Mwaka 1895 Uingereza ilitwaa usimamizi wa ukanda wa maili 10 wa Pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi iliyowataka wenye madai katika ukanda huo wayapeleke mbele ya afisa na kuyathibitisha. Aliyejua kusoma, aliyekuwa na shahidi anayekubalika na aliyekuwa karibu na utawala alipata hati. Wamijikenda, waliohesabiwa kuwa watu wa nyika na ambao ardhi yao ilimilikiwa kwa ukoo na si kwa jina la mtu mmoja, wengi hawakupata kitu. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya 1963 ikawa ya serikali, na serikali iliwagawia iliowataka. Watu hawakuhama. Siku moja walikuwa wenyeji, siku iliyofuata wakawa maskwota, bila kuhamisha hata chungu. Huo ni uhalifu usio na eneo la tukio la kufungia utepe wa polisi, na hivyo hauwezi kuwa sehemu ya kwanza ya tamthilia yoyote ya aina inayojadiliwa hapa.

Sasa ichukuliwe jinai ambayo televisheni inaitambua. Tangu miaka ya 2000 vijiji vya Kaunti ya Kilifi vimepoteza wazee wengi, wanaume kwa wanawake, waliouawa kwa kutuhumiwa utsai, yaani uchawi. Mvi na macho mekundu vimetosha kuwa ushahidi. Wengine walikimbilia Kaya Godoma huko Ganze, ambako wazee waliotishiwa kuuawa walipewa hifadhi na wenzao. Mauaji hayo hufanyika usiku, kwa panga, na kila mtu kijijini huwa hakuona. Polisi huandika kwamba chanzo ni imani za kishirikina. Gazeti hulinukuu neno hilo. Afisa wa utawala huitisha baraza na kuwaasa watu waache ushirikina. Kesi, kwa maana ya kifani, imefungwa: sababu ya uhalifu imepatikana, nayo ni ujinga wa wenyeji.

Bwana Msa asingelikubali hilo hata kwa dakika moja. Angeuliza mzee huyo alikuwa ameshikilia nini. Viongozi wa Kilifi, wazee wenyewe na waliowahifadhi wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba nyuma ya tuhuma nyingi za uchawi kuna shamba. Ardhi ya ukoo ikiwa mikononi mwa mzee asiyetaka iuzwe, na bei yake ikipanda kwa sababu barabara imepita au hatimiliki zinatarajiwa kutolewa, mzee huyo huwa kizuizi. Kumwua baba kwa ajili ya shamba ni aibu isiyotajika. Kumwua mtsai aliyewaloga watoto wa mji mzima ni huduma kwa ukoo. Tuhuma hugeuza la kwanza kuwa la pili. Muuaji ndiye mtunzi wa kwanza wa kisa: anachagua jina la sababu, na polisi, gazeti na baraza huhakikisha kwamba jina hilo linabaki.

Sheria nayo ina mkono katika utunzi huo. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na wakoloni mwaka 1925 iliharamisha kumtuhumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa pale tuhuma inapopelekwa kwa wenye mamlaka, kama vile polisi au chifu. Serikali ya kikoloni haikuikana lugha ya uchawi. Iliitaka ipite ofisini kwake. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta mahali ambapo masimulizi ya dola na masimulizi ya kijiji yanashikana mikono ana kifungu cha sheria cha kuanzia.

Ikumbukwe basi kwamba tamthilia inayoanza na maiti ya mzee na kuishia kwa kumkamata kijana mwenye panga haijakosea ukweli. Kijana ameua. Lakini imekubali kuhariri kisa pale pale ambapo muuaji angependa kihaririwe. Imelitaja shamba, ikibidi, kama tamaa ya kijana, yaani kama kasoro ya tabia. Kwa nini ardhi ni finyu kiasi cha kufanya uhai wa baba kuwa bei ya ekari 3, wakati ng'ambo ya barabara mkonge umenyooka mpaka macho yachoke, hilo halimhusu inspekta.

Kazi iliyokaribia kulisema jambo hili haikuwa tamthilia. Ni filamu ya kumbukumbu ya Maia Lekow na Chris King, The Letter (2019), ambayo Kenya iliichagua kuiwakilisha katika Oscar za 2021. Kijana anarudi Kilifi kutoka Mombasa baada ya kusikia kwamba nyanya yake ametuhumiwa uchawi na watu wa nyumbani kwao. Hakuna maiti. Kuna bibi kizee aliye hai, mcheshi, anayelima. Swali la nani aliua halipo; lililopo ni nani anataka afe, na kwa nini sasa. Kwa kuanza kabla ya maiti, watengenezaji walipata kila kitu ambacho tamthilia za maiti hukikosa: ukoo uliogawanyika, kanisa linalotia chumvi, na ardhi iliyo katikati ya yote bila kupigiwa kelele. Kwamba ilibidi fani ya kumbukumbu ifanye kazi iliyokuwa ya hadithi ya kubuni ni aibu kwa waandishi wa tamthilia. Ni aibu zaidi kwa wahakiki, ambao hawakuwadai.

Mwendawazimu anayefaa

Mwezi Aprili 2023 msitu wa Shakahola, upande wa kaskazini wa kaunti hiyo hiyo, uliingia katika habari za dunia. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliosemekana kufunga hadi kufa kwa kufuata mafundisho ya kanisa lao. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa kwa makosa kadhaa, yakiwemo ya mauaji na ugaidi, na aliyakanusha. Jambo la kuhakikiwa hapa ni jinsi kisa kilivyosimuliwa katika televisheni, kwani siku chache zilitosha kukivisha mavazi ya tamthilia ya uhalifu: muziki wa mashaka, picha ya uso mmoja, na swali lisilokwisha la kilichokuwa kichwani mwa mtu huyo.

Kulikuwa na maswali mengine. Mackenzie alikuwa amekamatwa mwezi Machi mwaka huo huo kuhusu vifo vya watoto, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana, katika ripoti yake ya Oktoba 2023, ilivitia vyombo vya usalama na vya sheria lawamani kwa kutochukua hatua mapema. Na kuna swali ambalo msomaji wa Junju angeliuliza kabla ya yote: katika kaunti ambamo mwenyeji hupeleka barua ofisi hadi ofisi kwa miaka 30 akiomba ekari 2, iliwezekanaje mamia ya watu wahamie msituni, wajenge vijiji, wavipe majina ya Biblia, na hakuna ofisi ya ardhi wala ya utawala iliyouliza wako pale kwa idhini gani? Swali hilo linahitaji muundo mwingine wa kisa, wenye ofisi nyingi na nyuso nyingi. Mwendawazimu mmoja ni rahisi zaidi. Fani ya uhalifu humpenda mwendawazimu kwa sababu ile ile ambayo utawala humpenda: haachi wa kulaumiwa zaidi yake.

Kando ya hili, mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa mizima mizima ili isafirishwe hadi Georgia, na mwezi Novemba Rais William Ruto akaamuru uchunguzi ufanywe. Mpelelezi wa kubuni angepata pale kila anachohitaji: mnunuzi tajiri wa mbali, vibali, maskini aliyeuza mti wa babu zake kwa bei ya kutupa. Haijatokea tamthilia ya uhalifu iliyojengwa juu ya mbuyu. Hakuna maiti, labda.

Idara za fasihi zina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili, nayo inahusu matini kwa maana yake kamili. Mwezi Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake. Makamishna watatu wa kigeni, Berhanu Dinka, Gertrude Chawatama na Ronald Slye, walikataa kuiunga mkono sura ya ardhi, wakieleza kwamba aya zilizohusu jinsi Rais wa kwanza alivyojipatia ardhi Pwani zilibadilishwa kwa shinikizo. Hapa upo upelelezi uliotimia: matini ya awali, matini iliyobadilishwa, mashahidi wanaotofautiana, na tofauti ya aya chache yenye thamani ya maelfu ya ekari. Wanafunzi wa usomi wa matini hufundishwa kulinganisha miswada ya tenzi za karne ya 18, silabi kwa silabi. Ujuzi huo huo ukielekezwa kwenye sura ile ya ripoti, mhakiki atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna inspekta wa televisheni aliyewahi kupewa.

Pingamizi na jibu

Itapingwa kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa Country Queen, iliyotolewa na Netflix mwezi Julai 2022, imeiweka ardhi katikati ya kisa. Akisa anarudi kutoka Nairobi na kukuta kijiji cha Tsilanga kikiwindwa na kampuni ya madini. Ni hatua, na kusikika kwa Kikamba kando ya Kiswahili na Sheng ni hatua pia. Lakini uovu wa kampuni umewekwa katika mwili mmoja, wa Vivienne Sibala anayeigizwa kwa ustadi na Nini Wacera, na wokovu umewekwa katika mwili mwingine uliotoka mjini. Ardhi imekuwa mada bila kuwa muundo. Bibi tajiri akianguka, mtazamaji anaweza kulala. Tamthilia za Pwani za kila jioni, kama Sultana ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla iliyoanza kuonyeshwa na Citizen mwaka 2022, zimefanya jambo moja ambalo Crime and Justice haikufanya, nalo ni kukirudisha Kiswahili cha Pwani kwenye saa ya watazamaji wengi, na kwa hilo hazistahili dharau wanayozitupia wasomi. Deni la muundo limebaki pale pale.

Itapingwa pia kwamba sanaa si ripoti ya tume, na kwamba kumtaka mtunzi aeleze sheria ya 1908 ni kumtaka aache usanii. Pingamizi hili lina uzito kwa yule tu anayeamini kwamba historia huingia katika kazi ya sanaa kwa njia ya hotuba za wahusika. Msuko hauhitaji hotuba. Tamthilia inaweza kuanza katika foleni ya ofisi ya ardhi, mzee akiwa na bahasha aliyoihifadhi tangu ujana wake, na karani akimwambia faili halionekani. Inaweza kukaa na ukoo mpaka mtazamaji ajue nani anadaiwa na nani, nani anamwogopa nani, mnazi upi ni mpaka. Panga likija katika sehemu ya 5, hakuna atakayehitaji kuambiwa kwamba ushirikina si jibu. Hilo ni suala la kupanga visa, yaani ni suala la usanii kuliko chochote kingine.

Wala mfano si wa kuutafuta mbali. Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe katika Kilifi hiyo hiyo, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini na serikali ya Moi mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995. Riwaya hiyo husomwa kama njozi ya kisiasa, na ni hivyo. Lakini ina mahakama, ina mshtakiwa, ina hukumu ya kifo. Tofauti ni mahali hukumu ilipowekwa. Dzombo anahukumiwa kwanza, na safari inaanzia hapo. Msomaji hapewi nafasi ya kungoja uamuzi wa hakimu ili ajue nani mhalifu, kwa sababu uamuzi umeshatolewa na umejidhihirisha kuwa ndio uhalifu. Kilichobaki katika kurasa zote zinazofuata ni kujua jamii iliyotoa hukumu kama hiyo imejengwaje, na nyingine ingejengwaje. Mpangilio huo ulichapishwa Nairobi zaidi ya robo karne kabla ya Makena na Silas kuanza kazi, na mtunzi wake alitoka mwendo mfupi tu kutoka Junju.